Unapelekwa Mathari kupimwa akili. Halafu?

Wasee, hii habari mmeiskia mara mia. Mtu ameshikwa kwa kesi ya mauaji. Analetwa kortini, kamera zote kwa uso wake, na nchi nzima inangoja kuskia kama atakubali au atakataa mashtaka. Lakini siku hiyo hasomewi chochote. Jaji anaamuru apelekwe kwanza Mathari akapimwe akili, kesi itatajwa tena baada ya siku kadhaa. Habari inaishia hapo, tunapelekwa kwa michezo.

Sisi nao tunahamia kwa komenti. "Huyo anajifanya." "Kichaa gani na alijua kutoroka?" "Hapo ameshapata njia ya kuhepa." Sitawadanganya, hata mimi nimewahi kuandika moja kama hiyo.

Kitu sikuwa najua ni kwamba kwa kesi za mauaji hapa Kenya, kupimwa akili kabla ya kusomewa mashtaka ni utaratibu wa kawaida. Hata kama uko timamu kuliko hakimu, utapelekwa tu. Wengi wanapimwa, daktari anaandika kwamba wako sawa, wanarudi kizimbani na kesi inaendelea. Hao si shida yangu leo.

Leo nataka tuongee kuhusu yule ambaye daktari anaandika kinyume. Yule anayesimama kizimbani na haelewi huyo mtu wa kanzu nyeusi ni nani, hajui ameshtakiwa nini, na hawezi kumwambia wakili wake chochote. Yeye hufanyiwa nini? Ukidhani "ameponyoka", kaa chini. Kwa miaka mingi jibu la sheria yetu limekuwa hili: anashikiliwa kwa hiari ya Rais. Hakuna tarehe ya kutoka. Na hiyo sentensi haikuandikwa Nairobi. Ilianza kwa ukumbi wa maigizo, London, mwaka wa 1800.

Maswali mawili ambayo tunachanganya

Kabla ya historia, tuweke kitu kimoja wazi, juu kila mtu hukichanganya.

Swali la kwanza ni la leo: huyu mtu, saa hii akiwa kizimbani, anaweza kujitetea? Anaelewa mashtaka? Anaweza kufuata mashahidi wakiongea, na kumweleza wakili wake "huyo shahidi anadanganya, sikuwa hapo"? Kama hawezi, kesi inasimama. Hakuna mtu ameamua kama alifanya au hakufanya.

Swali la pili ni la siku ile: wakati anafanya kile kitendo, alijua anachofanya? Alijua ni makosa? Hilo linajibiwa baada ya kesi kusikizwa na ushahidi kutolewa.

Mtu anaweza kuwa timamu siku ya tukio halafu akaugua rumande. Mwingine anaweza kuwa mgonjwa sana siku ya tukio, akapata dawa, na akifika kortini ako sawa kabisa. Ni maswali mawili tofauti. Lakini angalia ujanja wa historia: yote mawili yalimwagwa kwa debe moja.

Risasi tatu za Uingereza

Tarehe 15 Mei 1800, Mfalme George III aliingia ukumbi wa Theatre Royal, Drury Lane, kutazama mchezo. Mwanajeshi wa zamani kwa jina James Hadfield akampiga risasi, akamkosa. Hadfield alikuwa ameumizwa vibaya kichwani kwa upanga vitani mwaka wa 1794, na tangu hapo akili yake haikurudi. Aliamini lazima afe kwa mkono wa serikali ndio dunia iokoke. Wakili wake, Thomas Erskine, alionyesha mahakama hayo majeraha, na ikakubaliwa kwamba huyu ni mgonjwa. Hana hatia.

Sasa serikali ikajipata kwa shida. Sheria ya wakati huo, ukiambiwa huna hatia, unaenda nyumbani. Utamwachilia vipi mtu aliyempiga mfalme risasi? Kwa wiki chache tu Bunge likapitisha sheria mpya, na ikarudi nyuma kumnasa Hadfield mwenyewe. Sheria ilisema mtu kama huyo atazuiliwa mpaka itakapojulikana mfalme anapenda nini. Na haikuishia kwa waliosikizwa kesi. Iliwaingiza pia wale ambao walikuwa wagonjwa kiasi cha kutoweza kushtakiwa kabisa. Hapo ndipo debe moja lilianza.

Hadfield alikaa ndani mpaka alipofariki mwaka wa 1841. Miaka 41. Huyo ndiye mtu ambaye "hana hatia".

Risasi ya pili ni ya Januari 1843. Daniel M'Naghten alimpiga Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, na inaaminika alidhani ndiye Peel mwenyewe. Alikuwa anaamini wanasiasa wanamfuata kila mahali kumtesa. Mahakama ikasema hana hatia kwa sababu ya wazimu, Malkia Victoria na wakubwa wengine wakawaka, na majaji wakaitwa waeleze sheria inasema nini hasa. Majibu yao ndiyo yale wanafunzi wa sheria wa UoN na Moi bado wanakariri: alijua anachofanya? Alijua ni makosa? Ukifungua Sheria yetu ya Adhabu, kifungu cha 11 na cha 12, utapata M'Naghten amekaa pale, ni vile tu hajaandikwa jina.

Risasi ya tatu ndiyo ilinimaliza. Machi 1882, Roderick Maclean alimpiga Malkia Victoria risasi karibu na stesheni ya treni ya Windsor. Akakosa. Mahakama ikasema tena: hana hatia, ni mgonjwa. Malkia hakutaka kuskia hiyo maneno. Kwake, mtu aliyemnyooshea bunduki hawezi kuitwa mtu asiye na hatia. Basi mwaka wa 1883 Bunge likabadilisha maneno. Kuanzia hapo, mgonjwa kama huyo angeitwa "ana hatia, lakini mwendawazimu".

Fikiria hiyo sentensi polepole. Ana hatia, lakini hakujua anachofanya. Ni kama kusema mtoto wa mwezi mmoja ana hatia ya kukojoa kwa mapaja ya shangazi. Waingereza wenyewe waliona haina maana, na mwaka wa 1964 wakarudi kwa "hana hatia kwa sababu ya wazimu". Lakini kabla wajirekebishe, walikuwa wameshatupakulia sisi.

Meli ikafika Mombasa

Mwanzoni wakoloni hapa walitumia sheria za India, walizibeba tu zikiwa tayari. Mwaka wa 1930 ndipo Kenya ikapata Sheria ya Adhabu na Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai. Hii ya pili leo ni Sura ya 75, na vifungu vya story yetu ni 162 mpaka 167. Uamuzi wa "ana hatia lakini" wa kifungu cha 166 ni ile hasira ya malkia, imeshuka kwa meli na ikapewa makao.

Na ile hiari ya mfalme? Kwa koloni, gavana ndiye alikuwa mkono wa mfalme. Tulipokuwa jamhuri mwaka wa 1964, wale wa juu wakaondolewa kwa karatasi na Rais akawekwa. Kiti kilibaki kile kile, aliyekalia ndiye alibadilika.

Lakini sheria bila jengo haifungi mtu. Jengo lilikuwepo. Wale mnapita Thika Road kila siku, ile hospitali ya karibu na Muthaiga ilianza mwaka wa 1910. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ikaitwa nyumba ya wendawazimu ya Nairobi, na mwaka wa 1924 ikapewa jina la Mathari. Ndani, Wazungu walikuwa na upande wao, Wahindi wao, Waafrika wao. Hata ukiwa umepoteza akili, rangi yako ilikuwa imeandikwa kwa faili.

Kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa daktari kwa jina John Colin Carothers. Alipewa hospitali hiyo akiwa hajasomea magonjwa ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Baadaye, kwa kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, aliwaambia watu kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya koloni ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, ambapo vita vya kudai ardhi na uhuru viligeuzwa kuwa shida ya kichwa cha Mkikuyu. Frantz Fanon, ambaye pia alikuwa daktari wa akili, alimjibu vikali kwa kitabu chake cha 1961.

Sasa jiulize: kama anayepima akili yako anaamini kila mtu wa rangi yako ana kasoro ya ubongo, utapita huo mtihani vipi?

Muulize Elijah Masinde. Huyu alikuwa mtu wa Kimilili, Bungoma, mchezaji wa mpira aliyefika mpaka Kombe la Gossage, na baadaye kiongozi wa Dini ya Msambwa. Aliwaambia watu wakatae kulazimishwa kazi, na Wazungu warudi kwao. Mwaka wa 1945 alijipata mbele ya korti, na badala ya mambo kuishia kwa kifungo cha kawaida, alipelekwa Mathari. Alikaa huko mpaka 1947. Alipotoka aliendelea pale pale alipoachia, dini yake ikapigwa marufuku mwaka wa 1948, na akafukuziwa mbali na kwao kwa miaka. Hiyo ya baadaye ni story ya siku nyingine.

Simtaji Masinde kusema kila aliyewekwa Mathari alikuwa shujaa. Wengi walikuwa wagonjwa kweli, na walihitaji matibabu. Ninamtaja juu anaonyesha kitu kimoja: kifungo kina hesabu, wodi haina. Ukimfunga mtu miezi sita, siku ya mia moja themanini lazima ufungue mlango. Ukisema ni mwendawazimu, wewe ndiye unaamua amepona lini. Kila serikali inapenda mlango wa aina hiyo.

Faili inavyotembea

Turudi kwa sheria iliyobaki vitabuni. Tuchukue mfano, si mtu wa kweli. Kijana ana miaka 22, amechukua simu kwa meza ya duka, ameshikwa. Kortini anaongea na watu ambao hakuna mtu anawaona. Hakimu anashuku, anaamuru apimwe. Daktari anasema hawezi kujitetea. Kifungu cha 162 kinaingia.

Kesi inasimamishwa. Hapo hakimu ana njia mbili. Ya kwanza ni nzuri na watu wengi hawaijui: kama kosa linaruhusu dhamana, anaweza kumwachilia kwa familia, ikiwa wataahidi na kuweka dhamana kwamba watamtunza, hatajiumiza wala kuumiza wengine, na watamleta akihitajika. Lakini hiyo inataka uwe na mathee anayejua uko wapi, awe na pesa, na awe bado hajachoka na wewe. Msee wa kulala nje ya soko hana hiyo.

Njia ya pili ni kuzuiliwa. Hakimu anatuma nakala ya kesi juu, kwa waziri, ili ifikishwe kwa Rais. Rais anatoa amri mtu awekwe wapi. Daktari akiona amepata nafuu, anaandika cheti kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye anaiambia korti kama serikali bado inataka hiyo kesi. Ikitaka, kijana anarudi kizimbani kuanza upya.

Hesabu ofisi alizopitia: korti, hospitali, wizara, Ikulu, hospitali tena, ofisi ya mashtaka, korti tena. Kila mahali kuna karani, na kila karani ana rundo. Kifungu hicho hakisemi baada ya muda fulani lazima aachiliwe. Kama hapati nafuu, hakuna kikomo. Kama dawa hakuna, hatapata nafuu. Kama karatasi imepotea, hakuna mtu anayeitafuta, juu mwenye kuitafuta ni yeye na yeye ndiye mgonjwa.

Sasa weka hesabu kando yake. Kuiba kwa kawaida, chini ya kifungu cha 275, adhabu ya juu kabisa ni miaka mitatu. Kuzua rabsha mahali pa umma, makosa ambayo mtu akiwa na ugonjwa wa akili hushikiwa kwa urahisi sana, ni miezi sita. Mwenye akili timamu aliyeiba simu hiyo hiyo anajua siku yake ya kutoka. Anahesabu kwa ukuta. Mgonjwa hana ukuta wa kuhesabia.

Na kwa wale waliosikizwa kesi wakapewa "ana hatia lakini", kifungu cha 166 kinasema anayewashikilia aandike ripoti ya hali yao, iende kwa waziri ili Rais aione. Ripoti ya kwanza ni baada ya miaka mitatu. Halafu kila baada ya miaka miwili. Soma tena. Mwizi wa simu aliye timamu amemaliza kifungo cha juu kabisa siku ambayo mgonjwa anaandikiwa ripoti ya kwanza. Tena sheria haisemi lazima akae hospitalini. Inasema hospitali ya akili, gereza, au mahali pengine panapofaa. Kwa hivyo tunamwambia mtu "wewe si mhalifu, ni mgonjwa", halafu tunampeleka gereza.

Kiziwi naye alikosa nini?

Kuna kifungu ambacho hakiongelewi, cha 167. Kinahusu mtu ambaye si mwendawazimu, ila hawezi kufanywa aelewe kesi inavyoendelea. Nani huyo? Mara nyingi ni kiziwi ambaye hakupelekwa shule, hakufundishwa lugha ya ishara, na nyumbani wanaelewana kwa ishara zao tu. Kifungu kinaruhusu korti isikize ushahidi, na ikiona kuna kesi, mtu huyo naye azuiliwe kwa hiari ya Rais.

Msee, huyu hana ugonjwa. Hakuna dawa atameza aamke akiskia. "Mpaka apone" kwake ni kifungo cha maisha kwa jina lingine.

Kuna kitu hapa kinauma. Kipimo chenyewe ambacho Waingereza wametumia karibu miaka 200 kuamua nani anaweza kushtakiwa kilitoka kwa kesi ya Pritchard, mwaka wa 1836. Pritchard alikuwa kiziwi asiyeongea. Tangu mwanzo, viziwi wamekuwa ndani ya hii sheria, na tangu mwanzo jibu limekuwa kuwafungia badala ya kuwatafutia mkalimani.

Marekani nayo ilipitia hapo. Theon Jackson alikuwa na miaka 27, kiziwi, haongei, uwezo wake wa kuelewa mdogo sana. Alishtakiwa jimbo la Indiana kwa wizi mara mbili. Thamani ya vitu vyote ilikuwa dola tisa. Tisa. Madaktari wakasema hawezi kujitetea na hakuna dalili atawahi kuweza. Korti ikaagiza azuiliwe mpaka awe timamu, yaani milele. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1972 majaji wakasema haiwezekani. Unaweza kumshikilia mtu kwa muda wa kutosha tu kujua kama kuna matumaini ya kweli kwamba atapata uwezo wa kujitetea. Kama hakuna, mwachilie, au fuata njia ya kawaida ya kumlaza mgonjwa hospitalini, ile ile ambayo ingetumika kwa mtu ambaye hajashtakiwa.

Si kwamba Marekani wamekuwa malaika baada ya hapo. Lakini kanuni ni rahisi hata mtoto wa Fomu Two ataielewa: muda lazima uwe na sababu, na sababu ikiisha, muda uishe.

Majaji wetu wameshaongea

Kabla mtu aseme hii ni kasumba ya nje, majaji wa Kenya wamefika hapo wenyewe. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ya Meru ilisema kumshikilia mgonjwa bila kikomo, akingoja hiari ya Rais, ni kumtendea kwa ukatili na kumdhalilisha. Mwaka wa 2018, Kisumu, Jaji David Majanja alisema kifungu cha 166 kinakiuka Katiba kwa kuchukua kazi ya korti na kuipa serikali kuu. Hukumu ni kazi ya jaji. Rais si jaji. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa kesi iliyoletwa na watu 18, ikafika mahali pale pale kuhusu kuzuiliwa kwa hiari ya Rais.

Na mwaka huo huo wa 2022, mwezi wa Juni, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, miaka miwili baada ya jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga kusema afya ya akili nchini ni janga la kitaifa.

Kwa hivyo tumemaliza? Hapana. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu hamfungi mikono mwenzake. Jaji wa Kisumu anaweza kusema kifungu kimekufa, na wa kaunti nyingine akakitumia wiki inayofuata. Matokeo ni kwamba watu wawili wenye ugonjwa sawa na kosa sawa wanapata maisha tofauti kulingana na korti gani walipelekwa. Dawa ya hiyo ni Bunge kukaa chini na kuandika upya vifungu vyote sita, sio kungoja kila mgonjwa apate wakili wa kumpigania.

"Na kama ni ndugu yako aliuawa?"

Najua hii itakuja kwa komenti, na ni swali la haki. Kuna familia imezika mtu. Wanaskia mshtakiwa ni mgonjwa, kesi imesimama, na hawajui kama itawahi kuendelea. Hakuna aliyewaambia ukweli. Hakuna shahidi aliyesikizwa. Faili inakaa, mashahidi wanazeeka, wengine wanafariki. Hiari ya Rais haiwapi hao haki pia. Inawapa kimya.

Na sisemi mtu hatari aachiliwe aende mtaani Jumatatu asubuhi. Kuna wagonjwa wanaohitaji kukaa mahali salama, wengine kwa muda mrefu. Ninachosema ni hiki. Korti, sio Ikulu, iamue. Kuwe na tarehe ya kumrudisha mbele ya jaji kila baada ya miezi michache, na daktari aje na ripoti mpya. Muda wa kungoja usizidi adhabu ambayo angepewa akipatikana na hatia. Akae hospitali, sio gereza. Kiziwi atafutiwe mkalimani kwanza, maana Katiba kifungu cha 50 tayari kinasema asiyeelewa lugha ya kesi apewe mkalimani bila kulipa, na kifungu cha 7 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina. Na hayo maneno "ana hatia lakini" yatolewe. Malkia aliyeyataka alifariki mwaka wa 1901. Tunaweza kuacha kumwogopa sasa.

Mwisho, turudi kwa ile habari ya saa moja jioni. Siku nyingine ukiskia "mahakama imeamuru akapimwe akili", kabla uandike "anajifanya", jiulize ungependelea gani: kifungo cha miaka mitatu chenye tarehe, au kuitwa mgonjwa na kungoja sahihi ya mtu ambaye hajui jina lako? Mtu mwerevu wa kujifanya angechagua tarehe.

Kama kwenu kuna ndugu au jirani aliyepelekwa namna hiyo na familia imekaa tu ikingoja, msingoje. Uliza nambari ya kesi. Enda kwa karani wa korti iliyomtuma, uliza faili iko wapi na ripoti ya mwisho ya daktari ni ya lini. Uliza kuhusu wakili wa msaada wa kisheria. Faili zinazoulizwa ndizo hutembea.

Haya, komenti ziko wazi. Lakini leo mtu akiandika "kichaa", nitamuuliza tarehe yake ya kutoka ni gani.